Ala Kwanza, Panga Baadaye

Wajukuu zangu wa Tarime na Serengeti, kabla hujauliza panga lako linakata kiasi gani, jiulize litakaa wapi mwilini mwako tangu alfajiri hadi jua litue. Mchungaji anayetoka na ng'ombe asubuhi hukata mara chache sana: tawi la mgunga la kuzibia mwanya wa boma, fimbo mpya, kichaka kilichofunga njia. Saa zote zilizobaki anabeba. Anabeba akipanda kilima, akivuka mto, akichuchumaa, akisalimiana na watu, akijinyoosha kidogo kivulini mchana. Nimeona majeraha mengi ya panga na sime, na mengi kati ya hayo hayakutoka kwenye ugomvi wala kwenye kufyeka. Yalitoka kwenye kubeba. Habari za ugomvi mnaambiwa kila siku na viongozi wa dini, walimu na polisi, na wana haki ya kusema. Mimi leo nataka tuzungumze habari ya kubeba, kwa sababu hiyo sioni anayewafundisha.

Kijana mmoja wa kijiji cha jirani alichomeka panga tupu kiunoni, kwa nyuma, ndani ya mkanda wa suruali, ncha ikielekea chini. Wengi wenu mnabeba hivyo hivyo kwa kuwa mikono inabaki huru. Alipochuchumaa kumfungua ndama kamba mguuni, panga likateleza, likafuata paja, makali yakapita nyuma ya goti. Pale nyuma ya goti pana kano zinazokunja mguu na mshipa mkubwa wa damu unaoshuka hadi unyayoni. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mguu ule haukunjiki sawasawa mpaka leo, na mifugo ya baba yake inachungwa na mdogo wake. Hakuwa amegombana na mtu yeyote siku ile.

Kwa hiyo, mura, kijana wangu, anza na ala. Wazee wetu hawakukabidhi sime isiyo na ala. Wahunzi, tuliowaita abaturi, walifua chuma, na ala ikafuata kabla sime haijatoka kwenda kwa mwenyewe. Sime iliyofuliwa vizuri ni nyembamba karibu na mpini, hupanuka kidogo kuelekea mwisho, kisha huchongoka, na ina makali pande zote mbili. Siku hizi chuma chake hutoka kwenye springi za gari au kwenye tupa iliyochakaa. Ala yake ni vipande viwili vyembamba vya mti, vilivyochongwa kwa ndani kufuata umbo la sime, halafu vikavikwa ngozi mbichi iliyolowekwa na kushonwa ingali na maji. Ngozi ikikauka hujikaza yenyewe na kuvibana vile vipande pamoja. Zile ala nyekundu za Wamasai mnazoziona minadani zina asili hiyo hiyo ya mti na ngozi.

Ukipewa ala, ijaribu kabla hujalipa. Igeuze mdomo chini, sime ikiwa ndani, uitikise. Sime isitoke. Kisha ishike wima uvute mpini. Itoke bila kung'ang'ania. Ala iliyolegea itakuachia sime njiani usijue imeangukia wapi, au itaangukia mguu wako. Iliyobana kupita kiasi itakulazimisha kuvuta kwa nguvu zote, na chuma kikitoka ghafla kinampata aliyesimama kando yako.

Panga ndilo lenye shida. Panga la dukani, lile la sentimita 45 hivi, huuzwa tupu. Hata enzi za kiwanda cha UFI pale Ubungo, kilichokuwa kikitupatia majembe na mapanga, sikumbuki kuona panga likiuzwa na ala yake. Kwa hiyo kila mtu akajizoesha kubeba chuma kitupu na kuona ndivyo kilivyoumbwa. Sivyo. Ukishanunua panga, usiende nalo nyumbani. Nenda kwa fundi wa katambuga. Ana mpira wa tairi, ana nyundo, ana misumari, ana kisu kinachokata mpira. Mwambie akate vipande viwili vya mpira mwembamba, virefu na vipana kuliko panga lenyewe kwa kiasi cha vidole viwili. Kati ya vipande hivyo, upande wa makali, aweke utepe wa tatu wa mpira, halafu apigilie au ashone kupitia tabaka zote tatu. Msisitizie huo utepe. Bila huo, makali yanakaa juu ya uzi, na kila unaporudisha panga yanaukata kidogo kidogo, hadi siku ala inafunguka kama ganda la haragwe ukiwa safarini. Mwisho wa ala aache tundu dogo la kutolea maji. Akiweza, aweke na kikanda cha kufungia mpini. Kazi hiyo ni ya muda wa kunywa chai tu, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kukupeleka hospitali ya wilaya.

Hapo hapo kwa fundi, jifunze kuchomoa. Tazama vidole vya mkono ulioshika ala. Wengi wanaizungushia ala vidole vyote, navyo vinakaa sawasawa na mahali makali yalipo. Ala ikiwa imechoka, makali yanapenya na kuvipitia vidole vinne kwa mkupuo mmoja. Shika ala kwa upande wa mgongo wa panga, dole gumba kwenye bapa moja na vidole kwenye bapa la pili, vidole visifike upande wa makali. Unaporudisha panga, tazama mdomo wa ala. Usitazame ng'ombe, usitazame unayezungumza naye. Mtu anayerudisha panga huku anacheka na wenzake hajakatwa bado, lakini siku yake inakuja.

Sasa ala ikae upande gani? Sime ni fupi, na kwa mtu wa mkono wa kulia ikae kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Wamasai huivaa hivyo. Mkono unashuka, unashika mpini, unavuta juu moja kwa moja bila kukatiza mbele ya tumbo. Zamani palikuwa na sababu nyingine pia: mkono wa kushoto ulishika ngao, na silaha iliyokaa kushoto ingegongana nayo. Askari wa kawaida wa Roma ya kale, walioshika ngao kubwa mkono wa kushoto, nao walivaa upanga wao mfupi upande wa kulia. Hawakufundishana na Wamasai. Mwili wa binadamu na ngao viliwafikisha mahali pamoja.

Upanga mrefu una mambo yake. Ukiuweka kulia mkono hautafika juu vya kutosha kuutoa, ndiyo maana wenye upanga mrefu waliuning'iniza kushoto, mkono wa kulia ukakatiza tumbo kuufuata. Ukizidi kurefuka, hauvaliki hata kidogo. Mamluki wa Kijerumani wa karne ya 16 waliokuwa na panga za mikono miwili walizibeba begani, kama wenzao walivyobeba mikuki.

Na mgongoni? Najua mmeona sinema, shujaa anapitisha mkono juu ya bega na upanga unatoka mgongoni kwa mlio mkali. Chukua fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja, itie ndani ya bomba fupi kidogo kuliko fimbo ili pabaki pa kushika, jifunge mgongoni, ujaribu. Mkono wako utanyooka wote juu ya kichwa na sehemu ya fimbo itakuwa bado ndani ya bomba. Kurudisha ndiko kugumu zaidi, kwa maana unatafuta tundu usiloliona kwa chuma chenye makali karibu na shingo yako mwenyewe. Mgongo ni mahali pa kusafirishia. Ukiwa na safari ndefu na hutarajii kukata kitu, funga panga pamoja na mzigo mgongoni, ndani ya ala, mpini juu. Hapo ni sawa kabisa. Ukitaka kulitumia, simama, tua mzigo, lifungue.

Ninaye mjukuu anayeandika hadithi za mashujaa wanaozunguka nchi za mbali kutafuta hazina na kupambana na mazimwi. Anaandika vizuri, na nilimsikiliza akinisomea jioni nzima. Nikamuuliza: shujaa wako akilala, upanga unalala wapi? Akipanda mti? Akivuka mto uliojaa? Akiingia nyumba ya mlango mfupi? Akipanda punda, ala inapiga ubavu wa punda au haipigi? Akanijibu kwamba msomaji hatajali. Nikamwambia msomaji wa huku kwetu atajali, kwa sababu naye amebeba, na anajua sime inavyochoma nyonga ukikaa chini bila kuisogeza mbele. Aliporudi kuandika upya, shujaa wake alikaa siku mbili kwa mtengeneza ngozi akisubiri ala, na katika siku hizo mbili ndipo hadithi ilipopata mambo: watu waliingia, wakamuuliza anakokwenda, mmoja wao akaamua kumfuata. Ninyi wengine mnaoandika, nawasihi mfanye hivyo. Msafiri mwenye silaha ni mtu mwenye mzigo kwanza.

Nilipokuwa jeshini, singe ilining'inia kwenye mkanda ndani ya ala ngumu, na mpini wake ulizuiwa usichomoke wenyewe. Tulilala kifudifudi, tulitambaa kwa viwiko, tuliruka mahandaki, na singe ilibaki mahali pake. Hilo nimelileta nyumbani. Mchungaji naye hukimbia, huinama, huruka korongo akifukuza dume lililoasi. Sime yako isiyofungwa mpini itakutoka katikati ya mbio hizo, na utakapogeuka kuitafuta utakuwa umeikanyaga.

Haya, tuseme umeamka na huna ala, na shamba linakusubiri. Beba mkononi, mkono umenyooka chini, ncha mbele ikielekea ardhini, makali yakitazama mbali na mguu wako. Usiweke begani, kwa sababu ukijikwaa makali yanaelekea shingoni. Usibane kwapani, maana pale unapita mshipa mkubwa wa damu wa mkono. Milima yetu ya Tarime wakati wa masika ni utelezi mtupu, na njia nyingi zimekatwa kando ya mteremko. Ukipita njia ya namna hiyo, panga liwe kwenye mkono wa upande wa bondeni. Ukihisi mguu umeteleza, litupe bondeni mara moja. Usilihurumie. Panga linaokotwa, linapigwa tupa, linarudi kazini. Mkiwa mmefuatana, acheni hatua kadhaa kati yenu, na mwenye panga tupu atangulie au awe wa mwisho, asikae katikati ya watoto wanaokwenda shule.

Mtoni chuma kisiwe mkononi kabisa. Mto Mara una mamba, una viboko, una mawe yanayozunguka chini ya mguu. Pita darajani hata kama ni mbali. Ikiwa ni kijito cha kawaida, funga panga kwenye mzigo, na mikono yote miwili iishike fimbo ya kupimia kina.

Bodaboda imetuletea ajali ambazo sisi ujanani hatukuzijua. Abiria anapakia panga mapajani, makali yanamtazama dereva mgongoni. Pikipiki ikigonga shimo, nani atalizuia? Wengine wanalichomeka chini ya kiti, ncha imetokeza kando, na mtoto anayesimama pembezoni mwa barabara ya Sirari hana habari. Panga likiwa ndani ya ala, livingirishe gunia, lifunge kwa mpira kwenye keria, lilale kufuata urefu wa pikipiki, mpini mbele, ncha nyuma, na isipite taa ya nyuma. Kwenye basi mpe konda mkononi, mwambie wazi kwamba ndani ya gunia kuna panga, aliweke kwenye buti. Ukimficha, na likaonekana katikati ya safari, abiria wote watakutazama hadi Mugumu, na pengine utashushwa kabla ya kufika.

Hapo ndipo naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu kubeba si jambo lako peke yako. Mtu anayekuona kwa mbali hawezi kusoma moyo wako. Anasoma mkono wako. Sisi wa huku tuna mkoa wetu wa kipolisi, Tarime/Rorya, na mnajua kilichouleta: wizi wa mifugo na mapigano ya koo. Askari wa hapa, na hata jirani yako wa ukoo mwingine, historia hiyo imemfundisha kumtazama kijana mwenye panga tupu kwa tahadhari, na sitamlaumu. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamtia hatiani anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu. Panga lililo ndani ya ala, limefungwa pamoja na jembe, saa ya kwenda shamba, lina sababu inayoonekana. Panga lile lile likipungwa barabarani saa tatu usiku halina.

Misafara ya tohara mwezi Desemba inanitia wasiwasi kila inapofika. Furaha yake naipenda, nimekulia humo, na sitaki iishe. Lakini mnakimbia mkiwa wengi, mmebanana, mnaruka, na mikononi mmeinua mapanga na sime tupu juu ya vichwa vya watoto. Chezeni na fimbo. Anayetaka kuvaa sime kwa heshima ya siku ile aivae ndani ya ala, kikanda kimefungwa, isitoke mpaka arudi nyumbani.

Ukiingia mji wa mtu, simama uani kwanza. Vua mkanda wenye sime, mpe mwenye mji au uiweke pale atakapokuonyesha, mpini ukimwelekea yeye. Kwetu mkuki wa mgeni uliegemezwa nje, na mwenye nyumba ndiye aliyeamua uingizwe usiku ukifika. Wajapani wa zamani nao walikuwa na adabu inayokaribia hiyo: mgeni alitoa upanga mrefu kiunoni na kuushika mkono wa kulia, ili mwenyeji aone kwamba mkono wa kuchomolea umeshughulika. Ndugu zetu wa Oman huvaa jambia mbele, katikati ya tumbo, mpaka ikaingia kwenye nembo ya taifa lao. Iko wazi mbele ya kila anayekutana nao. Yule anayelificha panga chini ya koti akija kwenye kikao cha watu ndiye ninayemkemea. Kwenye iritongo, yaani baraza letu la jamii, na kwenye msiba, liache nyumbani kabisa. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alizunguka nchi hii akiwa na kifimbo tu mkononi, na watu walinyamaza alipokiinua.

Ninyi wa wilaya ya Serengeti, hasa mnaoishi karibu na mpaka wa hifadhi, Robanda, Park Nyigoti, Machochwe na vijiji vya jirani, kwenu ala nzuri haitoshi. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, katika kifungu cha 24, inakataza kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali. Panga ni silaha. Kisu ni silaha. Kuwa ndani ya ala hakutakuokoa. Mashtaka yanayosomwa pale mahakamani Mugumu yanafanana mno: kuingia hifadhini bila kibali, kupatikana na silaha, na vielelezo ni panga, kisu, na mara nyingi nyaya za kutegea wanyama. Aliyekwenda kuwinda anajua alichokifuata. Ninayemwonea huruma ni kijana aliyefuata ng'ombe aliyepotea, akavuka mpaka bila kufikiri, panga likiwa kiunoni kwa mazoea. Familia yake itauza ng'ombe wengine kumtafutia wakili au kulipa faini. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti nayo yamo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, yenye katazo la aina hiyo hiyo. Kwa hiyo ng'ombe akivuka, wewe simama. Rudi, mtafute mwenyekiti wa kitongoji, nendeni pamoja kwa askari wa hifadhi, na panga liwe limebaki nyumbani kwako. Utachelewa, na huenda fisi akamwahi ng'ombe. Bado nasema simama.

Jioni ukifika, usilaze panga ndani ya ala ya ngozi likiwa na unyevu. Ngozi hutunza maji na asubuhi utakuta kutu. Lifute, lipake mafuta kidogo, likauke peke yake, ala nayo itundikwe mahali penye hewa. Vyote viwili viwe juu, mbali na mikono ya watoto.

Kuhusu watoto, wapo wanaosema mwana akililia wembe mpe. Kwa sime sikubali. Mdogo wako akianza kukuomba sime ili aende nayo machungani, mpe kwanza ala yenye kipande cha mti ndani yake, kilichochongwa kwa urefu na uzito unaokaribia ule wa sime. Akivae kiunoni siku nzima. Achunge nacho, akimbie nacho, akae, alale kivulini, avuke kijito. Jioni mkague: kijiti kipo au kimeanguka? Kimemchubua nyonga? Alipokaa kula alikisogeza mbele au alikikalia? Alipoingia kwa bibi yake alikivua? Mwache aendelee hivyo mvua mbili, masika na vuli. Siku utakapoona anakivua mlangoni bila kuambiwa na mtu, mpeleke kwa mhunzi akapimwe mkono.